Mashine ya vyombo nayo huoshwa

Wasomaji wangu, wiki jana nusura niuze mashine yangu ya kuosha vyombo kwa bei ya vyuma kuukuu. Glasi zilikuwa zikitoka na utando mweupe. Basi nikafanya kama ninavyofanya na programu: nikarudi nyuma kutafuta kosa.

Nikafika Shelbyville, Illinois. Josephine Cochrane alifiwa na mumewe mwaka 1883, akaachiwa madeni. Akisaidiwa na fundi George Butters, aliunda mashine akapata hataza tarehe 28 Desemba 1886. Ile ya Joel Houghton ya 1850 ilirusharusha maji tu. Ya Cochrane ilishika vyombo kwa waya na kuvipiga kwa maji moto ya sabuni. Mwaka 1893 ilionyeshwa Chicago.

Siri ni hiyo: hakuna brashi, kazi yote ni ya maji. Matundu yakiziba, au maji yakiwa na chokaa, umekwisha. Kwa miaka mingi fosfati za sabuni zilituficha chokaa hiyo, lakini zilirutubisha mwani ziwani. Majimbo kadhaa ya Marekani yakazibana mwaka 2010, Umoja wa Ulaya 2017.

Na maji yangu ni ya kisima! Nikatoa chujio nikalisugua kwa mswaki, nikazibua matundu kwa kijiti, nikajaza chumvi kwenye kikasha chake, kisha nikaiendesha tupu na kikombe cha siki.

Glasi zinang'aa. Kosa halikuwa la Mama Cochrane, lilikuwa langu. Haya, kachungulieni chujio zenu.