Kituo cha Reli cha Moshi na Kuhama kwa Jina la Mji

Moshi ya awali haikuwa tambarare. Lilikuwa jina la milki ya Mangi Rindi, huko mlimani, ambako mwanawe Meli alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Reli ya Usambara, iliyoanzia Tanga, ilifika chini ya mlima mwaka 1911. Kwa kuwa garimoshi halikuweza kupanda, mji ndio ulioshuka: ofisi na maduka yakasogea karibu na kituo, na jina likafuata. Mlimani pakabaki Old Moshi, jina la Kiingereza katika nchi ya Wachaga. Waingereza, walipoiunganisha Kahe na Voi wakati wa vita, waliifungulia kahawa ya mlima njia ya pili, ya Mombasa. Tanga ikapata mshindani.