UZI: "Asilimia 0.04 tu, itafanya nini?" Historia ya hoja moja ya siasa

1/ Mdahalo wowote ukigusa bei ya mafuta au pesa za kaboni, lazima mtu aseme: "Hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu ya hewa yote. Hii ni njama, imebuniwa juzi ili Afrika isiendelee." Wiki jana mzee mmoja aliisema kwa matatu, watu wakapiga makofi, nami nikakosa jibu. Nasoma sayansi ya siasa, si fizikia. Basi nikaenda kutafuta.

2/ Kwanza, namba ni ya kweli. Hewa kavu ni nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, argoni karibu 1. Hewa ukaa ni 0.04 na ushei. Mzee hakudanganya. Shida ni vile anavyoitumia hiyo namba.

3/ Pili, hiyo "juzi" ni 1856. Mmarekani Eunice Foote alijaza gesi tofauti kwenye chupa, akaziweka juani na kipimajoto ndani. Chupa ya hewa ukaa ilipata joto kuliko zingine, na ikachukua muda mrefu kupoa. Akaandika kwamba dunia yenye gesi hiyo kwa wingi ingekuwa na joto zaidi.

4/ 1859, London: John Tyndall akapitisha joto ndani ya bomba lenye gesi. Nitrojeni na oksijeni zikaliacha lipite karibu lote. Mvuke wa maji na hewa ukaa zikalinyonya. Yaani asilimia 99 ya hewa kavu haishiki joto linalotoka ardhini. Kazi hiyo inafanywa na zile gesi chache. Bila hizo, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya 15 juu.

5/ 1896: Svante Arrhenius wa Uswidi akapiga hesabu kwa mkono, hewa ukaa ikiongezeka mara mbili joto litapanda kiasi gani. Mwaka huohuo ndio reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Koloni letu hata halikuwa linaitwa Kenya. Sasa hiyo njama ilikuwa inazuia viwanda gani?

6/ 1958: Charles Keeling akaanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii. Akapata kama chembe 315 kwa kila milioni. Leo tumepita 420. Hewa iliyonaswa kwenye barafu ya Antaktika inaonyesha kabla ya viwanda ilikuwa 280 hivi, na kwa miaka 800,000 haikuwa imepita 300 au hapo karibu. Na si wageni pekee wanaopima. Idara yetu ya hali ya hewa ina kituo cha kufuatilia hewa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya bahari.

7/ Sasa siasa. Sehemu kubwa ya gesi hii hukaa angani karne na karne. Moshi wa viwanda vya 1900 bado uko juu yetu. Ukijumlisha yote tangu viwanda vianze, Marekani pekee ni karibu robo. Afrika nzima ni kama asilimia 3.

8/ Ona basi mtego. Anayesema "0.04 haina neno" anadhani anaitetea Afrika, kumbe anatupa ushahidi wetu. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa nchi. Utaendaje kudai fidia kwa niaba ya wafugaji huku unasema gesi haina madhara? Chagua moja.

9/ Upande wa pili pia msishangilie. Mkisema "sote tuna hatia sawa", mnaficha historia hiyohiyo. Mkataba wa 1992, ambao Kenya ilitia sahihi, unasema wajibu ni wa pamoja lakini wa viwango tofauti. Kiwango chetu ni kidogo, ila si sifuri.

10/ Nikikutana na yule mzee tena, sitabishana naye kuhusu 0.04. Nitamwambia: ni kweli, mzee, na hiyo 0.04 ilikuwa 0.028. Tuulize nani aliongeza.

Mwisho. Nikikosea mahali, nirekebisheni hapa chini.