Kimjang na Kazi Nyingine za Kuisubiri Baridi Nchini Korea

Katika rasi ya Korea baridi huanza kuuma mwezi Novemba na hailegei hadi Machi. Ardhi huganda, bustani hazitoi hata jani moja la mboga, na zamani kaya iliyochelewa kujiandaa ilitaabika. Ndiyo maana wiki za mwisho kabla ya theluji zilijaa kazi za nyumbani: kubandika karatasi mpya madirishani, kuanika majani ya figili, kutafuta kuni na, baadaye, makaa. Kubwa kuliko zote ilikuwa kimjang, yaani kutengeneza kimchi ya kuilisha kaya mpaka mboga mpya zichipue.

Kutia mboga chumvi kwa ajili ya baridi ni desturi ya kale. Mshairi Yi Gyu-bo, aliyeishi kati ya 1168 na 1241, alikwisha kutaja figili zilizohifadhiwa hivyo. Hong Seok-mo, katika kitabu chake cha mila za mwaka cha 1849, anaihesabu kimjang pamoja na utengenezaji wa mchuzi wa soya kuwa ndizo shughuli kuu mbili za nyumba. Hata hivyo, kimchi nyekundu ya leo ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Pilipili, ambayo asili yake ni Amerika, inatajwa Korea katika kitabu cha 1614, na maelekezo ya kuitia kwenye kimchi yanaonekana katika karne ya 18. Kabichi ndefu ya Kichina ilienea baadaye zaidi. Mbegu zake bora zilizalishwa na Woo Jang-choon, mtaalamu wa mimea aliyehamia Korea kutoka Japani mwaka 1950.

Kazi yenyewe ilikula siku mbili au tatu. Kabichi zilipasuliwa, zikanyunyizwa chumvi baina ya majani na kulazwa usiku kucha hadi zilegee. Asubuhi zilioshwa mara tatu au zaidi, kwa maji ya baridi yaliyotia vidole ganzi. Wakati zinachujika, figili zilikatwa nyembamba na kuchanganywa na pilipili ya unga, kitunguu saumu, tangawizi, vitunguu vya majani, uji wa mchele wa kunata, na uduvi au dagaa waliochachushwa kwa chumvi. Hapo ndipo ladha za nyumba zilipoachana. Kusini walipenda dagaa, chumvi na pilipili kwa wingi. Kaskazini, kwenye baridi kali zaidi, kimchi ilikuwa nyepesi na yenye majimaji. Kisha kila jani lilipakwa kwa mkono, moja baada ya jingine, na jani la nje likazungushwa kuyafunga yote.

Familia kubwa iliandaa hata kabichi mia moja, na hakuna mama aliyeweza kuzimaliza peke yake. Wanawake wa mtaa walisaidiana kwa ujima: leo kwa huyu, kesho kwa yule, bila ujira ila mlo wa nyama ya nguruwe ya kuchemsha pamoja na kimchi mbichi. Mke mpya alijifunza kipimo cha chumvi kwa mama mkwe wake. Gharama nazo zilikuwa nzito kiasi kwamba, katika miongo ya viwanda baada ya Vita vya Korea, waajiri wengi walilipa posho maalumu ya kimjang.

Kimchi ilitiwa katika mitungi mikubwa ya udongo na kufukiwa uani hadi shingoni. Udongo uliikinga isigande wala kuchacha upesi, nayo ikakaa karibu na nyuzi sifuri majira yote ya baridi.

Nyumba yenyewe ilihitaji matunzo. Milango na madirisha ya mbao yalibanduliwa karatasi kuukuu na kubandikwa mpya, na karibu na kishikio wengine walipachika majani makavu au maua kati ya tabaka mbili. Joto lilitoka sakafuni: moshi wa jiko ulipita chini ya mawe na kuyapasha. Tangu miaka ya 1950 kuni ziliachia nafasi yeontan, vipande vya mviringo vya makaa ya mawe vyenye matundu, ambavyo familia zilivinunua kwa mamia na kuvipanga ukutani. Ilibidi mtu aamke usiku kubadilisha kipande kilichokwisha. Gesi yake ya sumu ilipenya nyufa za sakafu na kuua watu wengi usingizini, kwa hiyo kuziba nyufa kabla ya baridi kulikuwa jambo la uhai.

Majengo ya ghorofa yalipoenea tangu miaka ya 1970, ua wa kufukia mitungi ulitoweka. Jokofu maalumu la kimchi lililotolewa mwaka 1995 lilipata soko kubwa, na kimchi ya dukani ikapunguza kazi iliyobaki. Wanawake wengi walipumua, na walistahili kupumua.

Kimjang haikufa, ingawa kabichi ni chache na nyingi hununuliwa zikiwa zimekwisha kutiwa chumvi. Mwaka 2013 UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa binadamu kwa ombi la Korea Kusini, ikitaja kutengeneza kimchi na kugawana. Mwaka 2015 desturi hiyohiyo iliorodheshwa tena, safari hii kwa ombi la Korea Kaskazini.