Sheria Hutungwa Mjini, Hupimwa Mizanini



Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka kumi, yafaa tukumbuke tulikotoka, ili tujue kwa nini mkulima maskini hana budi kuwa na chama chake. Sheria hutungwa mbali na Murusagamba, lakini uzito wake huonekana hapa, juu ya mizani na ndani ya chungu.

Sheria ambayo babu zetu waliijua mapema ni kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Kodi ilitakiwa kwa fedha, nayo fedha huku ilikuwa adimu. Ndizi na maharage yalishibisha watoto, bali hayakulipa kodi. Basi vijana wa Ngara walikwenda kwa miguu hadi Buganda kulima pamba na kahawa za wengine, na mashamba yao yakabaki mikononi mwa wanawake na wazee.

Kahawa ilipoenea Bugufi, fedha ilianza kupatikana nyumbani. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932 iliwafungulia wakulima njia ya kuuza mazao yao pamoja, na katika miaka hiyo ya 1930 wakulima wa Bugufi walianzisha chama chao cha kahawa. Mwenye debe moja akawa na kura sawa na mwenye magunia kumi.

Lakini kilichotolewa kwa sheria kiliweza kuondolewa kwa amri. Mwezi Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu, na biashara ya kahawa ikashikwa na Mamlaka ya Kahawa. Mkulima alibaki na mibuni yake, bila chama kikuu cha kukiuliza hesabu. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vikuu. Kabla havijapata nguvu, msimu wa 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Wengi wao walilipa taslimu, na vyama vingi havikuweza. Tuseme haki: aliyewauzia hakuwa msaliti, alikuwa na shida.

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, na maskini akapumua. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa iuzwe kwa njia ya vyama vya ushirika, ili kumkinga mkulima na walanguzi. Agizo hilo lilikuwa na nia njema, lakini halikuiua butura. Njaa inapoingia, au mtoto anapougua, mtu huuza kahawa yake ingali maua, kwa bei ya kusikitisha. Msimu ukifika, mibuni ni yake, matunda ni ya mwingine. Nami nikiwa Katibu nimewahi kumwandikia mwanachama stakabadhi, nikijua kwamba fedha ile itakabidhiwa mtu anayemngoja nje ya mlango.

Hapo ndipo ulipo mpaka wa sheria. Yaweza kuileta kahawa ghalani. Haiwezi kumlisha mtu kabla ya mavuno. Kazi hiyo ni yetu: malipo yasicheleweshwe, mfuko wa akiba uwe wazi kwa mkopo mdogo wakati wa maua, na hesabu zisomwe mbele ya mkutano mpaka mwenye debe moja azielewe. Tukifanya hivyo, amri yoyote itakayokuja itatukuta tumesimama.

Katibu