Alama Si Bidhaa: Mchango, Zawadi na Haki Katika Shule Zetu

Katika madarasa ya itikadi kuna swali linalorudi mara kwa mara, na wanaoliuliza zaidi ni ndugu zetu walimu. Mwalimu amewaambia wanafunzi wake kwamba atakayeleta fagio, ndoo, boksi la chaki au mkeka ataongezewa alama. Vitu hivyo vinatumika shuleni, wala mwalimu hakuvipeleka kwake. Je, amekosa nini?

Kuna wanaojibu upesi kwamba hiyo ni rushwa, na mjadala ukafungwa. Kuna wanaojibu kwamba huko ndiko kujitegemea, kwa sababu shule imepata vifaa bila kuisubiri Serikali. Majibu yote mawili yanatazama kitu kilichotolewa, hayatazami alama iliyotolewa badala yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba hakuna kosa katika mtoto au mzazi kuipa shule kitu. Kosa linaanza pale kitu hicho kinapowekwa katika mizani ya alama. Ili tuelewe kwa nini, hatuna budi kwanza kuelewa jinsi alama ilivyopata uzito ilio nao katika nchi yetu.

1. Malipo ya mwalimu zamani

Kumpa mwalimu kitu ni desturi ya zamani kuliko shule za serikali. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto alipeleka senti zake za Alhamisi, na asiye na senti alichota maji, alitafuta kuni au alilima shamba la mwalimu. Alipohitimu, wazazi walitoa nguo au chakula kwa kadiri ya uwezo wao. Katika jando na unyago pia, makungwi walipewa haki zao. Jamii haikuona aibu katika jambo hilo, kwa maana mwalimu naye ni mtu, hula na huvaa.

Lakini tuangalie kipimo cha kuhitimu kilikuwa wapi. Mtoto wa chuoni alipimwa kwa kusoma, na watu wakamsikia. Aliyeshindwa kusoma hakuweza kufichwa na mbuzi wa baba yake. Malipo yalikuwa upande mmoja na kipimo upande mwingine.

Ukoloni ulikuja na aina nyingine ya shule. Elimu iligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, na fungu kubwa la fedha kwa kila mtoto halikwenda kwa Mwafrika. Mahali pengi ada ilikuwa ndiyo mlango. Asiye na ada alibaki nje, hata kama akili yake ilikuwa kali. Huo ulikuwa ubaguzi wa wazi, na wananchi waliufahamu ulivyo.

2. Mchango wa wazazi wakati wa kupigania Uhuru

Wananchi hawakukaa kimya. Mwaka 1955 wazazi Waafrika wa Tanganyika waliunda chama chao, TAPA, ambacho baadaye kilikuwa miongoni mwa misingi ya Jumuiya ya Wazazi tuliyo nayo. Shule za TAPA zilijengwa kwa nguvu za watu wenyewe. Huyu alileta miti, huyu makuti, huyu alikanyaga udongo kwa miguu yake. Hapo ndipo neno "mchango" lilipopata heshima yake katika historia ya elimu yetu.

Tulichunguze neno hilo. Mchango ule ulikubaliwa katika mkutano, ulitolewa na mzazi kwa uwezo wake, na jengo lililopatikana lilikuwa la watoto wote. Mtoto wa aliyetoa nguzo kumi aliketi pamoja na mtoto wa aliyetoa nguvu ya mikono yake tu. Mchango wa namna hii unaunganisha watu. Anayeufananisha na biashara ya alama anawadhulumu wazee wetu.

3. Mlango wabadilika: kutoka ada hadi alama

Baada ya Uhuru, Serikali iliuvunja mlango wa ada hatua kwa hatua. Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 1964, na ya shule ya msingi mwaka 1973. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akaeleza jinsi elimu tuliyorithi ilivyowatenga wachache na wenzao, ilivyothamini kitabu na kudharau jembe. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, na kwamba mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Ada ilipoondoka, nafasi za sekondari zilibaki chache mno zikilinganishwa na maelfu ya watoto waliomaliza darasa la saba. Ilibidi kuwe na njia ya kuchagua. Njia hiyo ikawa alama. Kwa maneno mengine, alama iliwekwa mahali pa ada, ili mtoto wa mkulima na mtoto wa mkubwa wapite katika mlango mmoja kwa kipimo kimoja. Tulijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na mwaka 1973 tukaunda Baraza la Mitihani la Tanzania kwa sheria, ili kipimo hicho kiwe chetu na kiaminike.

Tangu mwaka 1976, kwa kufuata Azimio la Musoma, kazi za mwanafunzi za mwaka mzima zilianza kuhesabiwa pamoja na mtihani. Daftari la mwalimu likapata uzito ambao halikuwa nao kabla. Umma ulimkabidhi mwalimu sehemu ya mizani ya taifa. Hiyo ilikuwa imani kubwa, na ndiyo inayojaribiwa kila fagio linapoletwa darasani.

Sasa hitimisho la kwanza linaonekana bila taabu. Ikiwa alama imechukua mahali pa ada, basi alama inayonunuliwa ni ada. Ada tuliyoifukuza mlangoni inarudi kwa dirishani, tena haina stakabadhi.

4. Mkeka wa kununua

Nitoe mfano wa maisha yangu mwenyewe, kwa sababu mkufunzi asiyejikosoa hana haki ya kukosoa wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa darasa la tano katika shule moja ya kijiji. Katika kazi za mikono tuliagizwa kila mmoja alete mkeka, na alama zetu za muhula zingetoka humo. Nilisuka ukili siku mbili nikachoka. Baba yangu, aliyekuwa na duka dogo, alininunulia mkeka mnadani, mpana, wenye rangi mbili. Mwenzangu mmoja, ambaye mama yake alikuwa mjane, alitafuta ukindu mwenyewe, akausuka na kuushona usiku baada ya kazi za nyumbani. Siku ya kukusanya, mkeka wake ulikuwa haujafika nusu. Nilipata alama 90 na ushei. Yeye alipata 30, na akachapwa kwa uvivu.

Nilijua ukweli, na nadhani mwalimu pia aliujua, kwa sababu mshono wa fundi hauwezi kufanana na mshono wa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Nilinyamaza. Baadhi ya mikeka ile ilitandikwa ofisini, mingine ikatandikwa nyumbani kwa walimu.

Tutazame kilichotokea kwa macho ya itikadi. Somo lile liliwekwa ili kila mtoto aiheshimu kazi ya mikono. Matokeo yake, mtoto aliyefanya kazi aliitwa mvivu, na mtoto wa mwenye duka aliitwa mchapakazi. Mimi nilijifunza kwamba kazi ya mtu mwingine, nikiinunua, inakuwa sifa yangu. Unyonyaji wote unaanzia katika fikra hiyo. Shule ya kujitegemea ilikuwa imenifundisha ubepari bila mtu yeyote kukusudia.

Wako watu watakaosema kwamba basi alama za kazi zifutwe, tubaki na mtihani wa karatasi. Hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza. Azimio la Musoma lilikuwa sahihi kutaka kazi ipimwe. Lakini kinachopimwa lazima kiwe kazi yenyewe, ikifanyika mbele ya mwalimu, kwa ukindu uliogawiwa sawa. Mkeka nusu uliosukwa na mtoto una elimu ndani yake. Mkeka mzima wa mnadani una bei tu.

5. Sababu zilizo nje ya darasa

Itakuwa si haki tukimtupia mwalimu lawama zote. Mwalimu wangu yule hakuwa mwizi. Alikuwa mtumishi ambaye mshahara wake haukutosha, katika shule iliyokosa chaki, madawati na vitabu. Mgogoro wa uchumi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na masharti ya mashirika ya fedha ya kimataifa vilipunguza uwezo wa Serikali. Katikati ya miaka ya 1980 ada zilirudi. Mwaka 1996 Tume ya Warioba ilipochunguza rushwa nchini, elimu ilikuwa miongoni mwa huduma ilizozitaja.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la nchi maskini tu. Marekani, nchi tajiri kuliko zote, wako walimu wanaowaongezea alama wanafunzi kwa kuleta boksi la karatasi laini za kufutia pua au makopo ya chakula cha kusaidia maskini. Tangu mwaka 2002 sheria ya kodi ya huko imemruhusu mwalimu kupunguziwa kodi kwa vifaa vya darasani alivyonunua kwa mshahara wake, mwanzoni hadi dola 250. Maana yake ni kwamba dola yenyewe inakiri kuwa mwalimu anabeba mzigo wa jamii. Ubepari ukikataa kugharimia darasa, gharama humshukia mwalimu, na mwalimu humshushia mtoto.

Kwa hiyo dawa haiwezi kuwa kumkaripia mwalimu tu. Hatua za nchi yetu lazima zihesabiwe. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tena mwaka 2001 pamoja na maandalizi ya MMEM. Kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ilifika kidato cha nne, na ruzuku ikapangwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima na kuagiza kwamba walimu wasiishike. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita navyo viliingizwa katika elimu bila ada. Lakini kadiri michango ya wazi inavyozuiwa, ndivyo kishawishi cha mchango wa kujificha ndani ya alama kinavyokua. Hilo ndilo tunalopaswa kulikesha.

6. Tofauti tatu za kukumbuka

Kwanza, mchango. Huamuliwa na wazazi katika mkutano, hutolewa kwa hiari na uwezo, huandikwa, na huwa mali ya wote. Mtoto hausiki nao darasani.

Pili, zawadi. Hutolewa baada ya kazi, kwa shukrani, wala haisubiri malipo. Hata hapa mwalimu awe mwangalifu, kwani zawadi kabla ya mtihani hubadilika jina.

Tatu, bei. Hutolewa ili kitu fulani kirudi. Alama ikirudi badala ya ndoo, ndoo ile imekuwa bei, hata kama wanafunzi wote watachotea maji humo. Matumizi mema ya ndoo hayaisafishi alama. Mwanachama anapoapa kupinga rushwa, haapi kuipinga ile inayoingia mfukoni peke yake. Anaapa kuilinda haki ya yule asiye na cha kutoa.

7. Wajibu wetu

Wajibu wa mwalimu ni kuandika katika daftari kile mtoto alichojua na alichofanya, basi. Kama darasa halina fagio, aseme kwa mwalimu mkuu na kwa kamati ya shule, asiseme kwa mtoto. Wajibu wa kamati ya shule ni kuitisha mkutano na kusoma mahitaji pamoja na mapato ya ruzuku hadharani, ili mwalimu asilazimike kuwa mkusanyaji. Wajibu wa tawi la Chama ni kusimama na mwalimu anapodai vifaa na stahili zake, kwa ukali ule ule tunaotumia kumsimamia asipotoke. Chama kinachodai uadilifu kwa mwalimu na kunyamaza anapocheleweshewa haki zake kinajidanganya.

Wajibu wa wazazi wenye uwezo ndio mgumu zaidi, nami nausema kama mtoto wa mwenye duka. Tusiwanunulie watoto wetu alama. Mwenzangu yule hakuchaguliwa kwenda sekondari. Sisemi ni kwa ajili ya mkeka mmoja. Lakini mikeka, mafagio na kuku wa miaka saba hujumlishwa, na jumla yake ni nafasi ya mtu.

Basi kila mwalimu aliweke daftari lake la alama katika hali ambayo likisomwa mbele ya mkutano wa kijiji, mstari kwa mstari, mjane ataweza kusikiliza hadi mwisho na kusema kwamba mtoto wake alipimwa sawa na wengine.