Nani Alitangulia Kufika Sarandibu?

Kisiwa ambacho Waarabu walikiita Sarandibu, na Waingereza wakakiita Ceylon, kinajulikana tangu mwaka 1972 kwa jina la Sri Lanka. Ibn Battuta, aliyetia nanga Kilwa mwaka 1331, alifika huko mwaka 1344 na kuupanda mlima ambao Waislamu waliamini kuwa ndipo aliposhukia Nabii Adam. Juu ya jabali la kilele chake pana alama mfano wa unyayo. Wabudha wanasema ni wa Budha, Wahindu wanasema ni wa mungu wao Shiva, na wako Wakristo walionasibisha unyayo huo na Mtume Thomas. Unyayo ni mmoja, wanaoudai ni wanne, na kwa karne nyingi mahujaji wao wameupanda mlima huo pamoja bila ya kupigana.

Lakini kisiwa hicho hicho kilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa miaka 26. Aghlabu husemwa kwamba penye makabila mengi ugomvi hauna budi. Historia ya Sarandibu haikubaliani na kauli hiyo.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2012, kisiwa kilikuwa na watu wapatao milioni 20. Katika kila mia, 75 walikuwa Wasinhala, wengi wao wakifuata dini ya Kibudha; 11 walikuwa Watamil wa asili ya kisiwani, wengi wao Wahindu; 9 walikuwa Waislamu wanaoitwa Wamoor, ambao aghlabu husema Kitamil; na 4 walikuwa Watamil wa milimani, ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kutoka India kuwa vibarua wa mashamba ya kahawa na baadaye ya chai. Waliobakia ni Wamalai, Waburgher wenye nasaba ya Wareno na Waholanzi, na wengineo. Miongoni mwa hao wachache wamo Waveda, watu wa msituni, ambao waliwatangulia wote hawa na ambao hakuna anayewauliza lolote.

Kitabu kikongwe cha taarikhi ya kisiwa, Mahavamsa, kiliandikwa na mtawa wa Kibudha yapata karne ya tano au ya sita. Wanaodai kwamba kisiwa ni cha Wasinhala peke yao hukitegemea zaidi ya kitabu chochote. Husimulia jinsi mfalme Dutugemunu alivyomshinda Elara, mtawala aliyetoka nchi ya Watamil. Lakini kitabu hicho hicho chasema kwamba Elara alitawala miaka 44 kwa uadilifu, kwa rafiki na kwa adui, na kwamba mshindi wake alimjengea kaburi na kuamuru ngoma zinyamaze kila msafara upitapo hapo. Chasema pia kwamba Vijaya, anayehesabiwa kuwa babu wa Wasinhala, aliposhuka pwani na wenzake 700, waliagiza wake zao kutoka Madurai, katika nchi ya Watamil. Basi anayekishika kitabu hicho kuthibitisha usafi wa damu hana budi kuziruka baadhi ya kurasa zake.

Na si hadithi za kale tu. Tangu mwaka 1739 hadi 1815, ufalme wa Kandy, ngome ya mwisho ya Wasinhala, ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Nayakkar uliotoka kusini mwa India. Mmoja wao, Kirti Sri Rajasinha, ndiye aliyewaita watawa kutoka Siam mwaka 1753 ili kuihuisha daraja ya utawa wa Kibudha iliyokuwa imekatika kisiwani. Mfalme wa asili ya kigeni akaiokoa dini ya wenyeji, na wenyeji wakampokea kuwa mfalme wao.

Nini basi kilichobadilika? Waingereza walipounda baraza la kutunga sheria mwaka 1833, waligawa viti vya wenyeji kwa kabila: cha Msinhala, cha Mtamil, cha Mburgher. Mwaka 1871 wakafanya sensa, na kila mtu akatakiwa awe na jina moja la kabila. Wataalamu wa lugha wa Ulaya nao walikuwa wamekiweka Kisinhala katika ukoo mmoja na Kitamil katika ukoo mwingine, na haukupita muda mrefu ila tofauti ya lugha ikageuzwa kuwa tofauti ya damu. Tangu hapo swali la nani alitangulia kufika likawa swali la nani akae juu ya kiti. Mwaka 1888 kiongozi wa Watamil, Ponnambalam Ramanathan, aliandika kwamba Wamoor si kabila mbali bali ni Watamil waliosilimu. Mwaka uliofuata Waislamu walipewa kiti chao, na mwaka 1907 mwanazuoni wao, I.L.M. Abdul Azeez, akamjibu Ramanathan kwa kuhojia asili yao ya Kiarabu. Wawili hao walibishana juu ya mababu, lakini kilichokuwa mbele yao ni uwakilishi.

Haitakuwa insafu kusema kwamba Wasinhala hawakuwa na dukuduku la haki. Serikali ya kikoloni iliendeshwa kwa Kiingereza, lugha ya wachache mno, na vijana wa Jaffna waliosoma katika skuli za wamisionari wa Kimarekani walipata kazi za serikali kuliko idadi ya watu wao. Dawa iliyochaguliwa ndiyo iliyokuwa sumu. Uhuru ulipatikana Februari 1948. Kabla ya mwaka kwisha, sheria ya uraia ikawaacha Watamil wa milimani, takriban laki saba, bila ya nchi. Chai waliyoichuma ilikuwa ya taifa, wao hawakuwa wa taifa. Mwaka 1956 S.W.R.D. Bandaranaike, aliyesoma Oxford na kulelewa katika Ukristo wa Kianglikana, alishinda uchaguzi kwa ahadi ya kukifanya Kisinhala kuwa lugha pekee ya dola. Katika mjadala wa bunge, Colvin R. de Silva, Msinhala mwenyewe, alionya kwamba lugha mbili zingeleta taifa moja na lugha moja ingeleta mataifa mawili. Mwaka 1957 Bandaranaike alijaribu kupatana na kiongozi wa Watamil, Chelvanayakam. Watawa wakaandamana, naye akaivunja suluhu hiyo mwaka 1958. Mwaka 1959 aliuawa kwa risasi na mtawa wa Kibudha. Moto alioupulizia haukumjua mwenyewe.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1981 maktaba ya Jaffna ilichomwa moto, na vitabu na miswada ipatayo 97,000 ikateketea. Julai 1983, baada ya wanajeshi 13 kuuawa na Tamil Tigers, magenge yalipita mitaa ya Colombo yakiwa na orodha za wapiga kura mikononi, yakitafuta nyumba za Watamil. Orodha iliyotengenezwa ili mtu achague kiongozi ikatumika kumchagulia mauti.

Hata hivyo, anayekomea hapo hajaisoma taarikhi yote. Oktoba 1990 Tamil Tigers, waliosema wanapigania wanyonge, waliwafukuza Waislamu wote wa jimbo la kaskazini, zaidi ya watu 70,000. Wa Jaffna walipewa saa mbili. Waliofukuzwa walisema Kitamil kama waliowafukuza, na walikuwa majirani zao kwa karne nyingi. Wengi walikimbilia Puttalam, wilaya ambayo ndani yake kinaishi pia kizazi cha Waafrika waliopelekwa na Wareno, Waholanzi na Waingereza, baadhi yao kutoka Msumbiji. Waafrika hao wamezisahau lugha za bibi zao, wamebakiwa na nyimbo za manja kwa Kireno cha kuchanganya, na hawamdai mtu kiti wala mlima.

Vita vilikwisha Mei 2009. Jopo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2011 kwamba huenda raia hadi 40,000 waliuawa katika miezi yake ya mwisho. Lakini ubaguzi haukuzikwa nao. Waislamu walishambuliwa Aluthgama mwaka 2014 na Digana mwaka 2018. Baada ya watu wachache wenye siasa kali kuua zaidi ya watu 260 siku ya Pasaka mwaka 2019, umma mzima wa Waislamu ulibebeshwa dhambi yao. Na wakati wa korona, hadi Februari 2021, maiti zao zilichomwa moto kwa amri ya serikali, kinyume na dini yao. Serikali iliamua kuomba radhi mwaka 2024.

Kila kundi lililopata nguvu, mahali lilipoipata, liliuliza swali lile lile la nani mwenyeji na nani mgeni, na kila jibu lilimtoa mtu nyumbani kwake. Ukabila huo haukuwa wa Msinhala peke yake wala wa Mtamil peke yake. Ulikuwa wa yeyote aliyeamini kwamba kutangulia kufika ni hati ya kumiliki. Sisi wa visiwani tuna msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo haumuulizi mgeni amefika lini. Ufalme wa Kandy uliuishi bila ya kuujua, na dini yake ikapona kwa mkono wa mgeni.