Vazi la Pembe Nne na Deni la Hiari

Chini ya shati la mwanamume Myahudi mshika dini mara nyingi pana kitambaa chenye tundu la shingo na pembe nne. Kila pembe imepitishwa nyuzi nne, zikakunjwa kuwa nane na kufungwa mafundo matano. Ubishi wa kama nyuzi hizo zining'inie nje au zifichwe ndani ya suruali haujaisha, na wengi hulieleza vazi lenyewe kwa mateso: Wayahudi waliogopa kutambuliwa, wakajificha. Hoja hiyo ina ukweli wake, ila haitoshi. Mwenye hofu angeweza kuacha kulivaa kabisa, na sheria isingemdai kitu.

Torati, katika Hesabu 15 na Kumbukumbu la Torati 22, haikuagiza vazi jipya. Iliagiza vishada vya nyuzi kwenye pembe nne za nguo ya kujifunika, na watu wa kale walijitanda nguo za namna hiyo kila siku. Asiyevaa nguo ya pembe nne hakuwa na wajibu. Talmudi ya Babeli inasimulia jinsi malaika alivyomkuta mwanachuoni Rav Kattina amejitanda shuka la kitani, ambalo halikutiwa vishada. Akamuuliza: wakati wa joto kitani, wakati wa baridi joho lenye pembe za mviringo, amri ya vishada itaishia wapi? Kattina hakukana. Alijibu kisheria: kwani mtu huadhibiwa kwa kutotenda? Malaika akasema kwamba wakati wa ghadhabu, huadhibiwa. Kattina hakuvunja sheria hata moja. Alilaumiwa kwa kutafuta upenyo.

Mitindo ilipobadilika, upenyo huo ukawa wa kila mtu. Katika karne ya 12 mwanasheria wa Kiyahudi Maimonides alihimiza kwamba hata asiyelazimika ajitahidi kujifunika nguo yenye vishada. Ndiyo fikra inayolibeba vazi hili: talit katan, yaani talit (shuka ya sala) ndogo, kwa wengine arba kanfot, pembe nne, na mitaani tsitsit tu, jina la vishada vyenyewe. Atakayesema kujishonea wajibu ni kujionyesha tu amsome mwanasheria Yosef Karo. Katika Shulhan Arukh, mkusanyo wake wa sheria za Kiyahudi uliochapwa Venice mwaka 1565, alitaka livaliwe juu ya nguo, lionekane na kukumbusha amri. Baadaye rabi Yisrael Meir Kagan, katika Mishna Berura, ufafanuzi wake wa kitabu hicho, aliwakemea vikali wanaoficha vishada ndani ya suruali. Vazi lililotakiwa lionekane halikuzaliwa na woga, na wanaoliandika kama mabaki ya mateso wanawapunja waliolishona.